Umepulizia mara tatu na wadudu bado wapo? Hesabu siku zao kwanza

Wiki chache zilizopita simu ya kipindi chetu cha kilimo ilipokea ujumbe kutoka kwa msikilizaji mwenye nusu ekari ya nyanya. Jina lake hatulitaji. Aliandika kwamba amepulizia dawa mara tatu ndani ya siku 12, kila mara dawa yenye jina tofauti, na kila baada ya siku tatu au nne anakuta majani yana mabaka mapya na nyanya changa zimetobolewa. Fedha aliyoiweka kwa ajili ya mbolea ya kukuzia imeishia kwenye dawa. Swali lake lilikuwa fupi: "Hawa watu wa dukani wananiuzia maji?"

Inawezekana. Dawa feki zipo, na dawa halali iliyokaa juani miezi mingi nayo huisha nguvu. Lakini kabla ya kulilaumu duka tulimpigia tukamuuliza mambo mawili: umemwona mdudu gani, na siku ulipopulizia alikuwa katika hatua gani ya maisha yake? La kwanza alijibu bila kusita: kantangaze. La pili lilimshangaza. "Hatua gani tena? Mdudu si mdudu?"

Hapo tukajua kosa ni letu pia. Mara nyingi hewani tumesema "rudia kupulizia baada ya siku saba" kana kwamba wadudu wote shambani wana kalenda moja. Hawana. Siku saba kwa mdudu mmoja ni muda wa yai kuwa kiwavi, kwa mwingine ni muda wa kuzaliwa, kukua na kuanza kuzaa. Dawa hiyo hiyo, iliyochanganywa kwa kipimo hicho hicho, inaweza kuokoa shamba ikipigwa Jumatatu na isisaidie kitu ikipigwa Jumatatu inayofuata. Basi tuwapitie wadudu wanaotajwa sana kwenye simu zenu, mmoja mmoja, na tuanze na huyu aliyemaliza fedha ya mbolea.

Kwanza, mdudu hana umbo moja

Nondo na vipepeo hupita hatua nne: yai, kiwavi, pupa, kisha nondo mwenye mabawa. Kiwavi ndiye anayekula mazao. Pupa ni ile hatua ya kulala, kiumbe kikiwa ndani ya ganda dogo la kahawia; hali, hatembei, anajigeuza umbo. Nondo mwenyewe hali majani yako hata kidogo, kazi yake ni kutafuta mwenza na kutaga.

Kundi la pili halina pupa kama hiyo. Yai likianguliwa hutoka tunutu, yaani mtoto anayefanana na wazazi wake ila hana mabawa, naye hula chakula kile kile wanachokula wao. Vidukari wako huku, na panzi pia.

Kitu kimoja kinayaunganisha makundi yote. Mdudu hana joto la mwili wake mwenyewe kama ng'ombe au mtu. Akiwa kwenye joto anakua haraka, akiwa kwenye baridi anakua polepole. Watafiti waliomlea kantangaze katika vyumba vya joto tofauti waliona kwamba kwenye nyuzi 27 hutoka yai hadi nondo kwa siku 24 hivi. Kwenye nyuzi karibu 20 huchukua siku 40. Kwenye nyuzi 14 huchukua siku 76. Ni mdudu yule yule. Kwa hiyo mkulima wa Lushoto au Njombe wakati wa kipupwe hawezi kufuata ratiba ya mwenzake wa Mvomero mwezi wa pili, hata kama wamenunua dawa duka moja. Siku tutakazozitaja hapa chini ni za maeneo yenye joto. Ukiwa nyanda za juu, ziongeze.

Kantangaze: muda mwingi yuko mahali dawa haifiki

Kantangaze alitoka Amerika ya Kusini, akaonekana Hispania mwaka 2006, na mwaka 2014 akaripotiwa Tanzania na Kenya. Wakulima wa Arumeru na Ilula wanaukumbuka msimu walipomfahamu.

Nondo wake ni mdogo, wa kijivu, mwili wake haufiki hata sentimeta moja. Mchana anajificha katikati ya majani. Jioni na alfajiri ndipo anaruka. Jike mmoja anaweza kutaga hadi mayai 260 hivi, na hayatagi yote mahali pamoja. Anaweka moja hapa, moja pale, zaidi chini ya majani na kwenye vikonyo. Yai ni dogo kuliko punje ya chumvi, na baada ya siku 4 hadi 6 linaanguliwa.

Kiwavi akitoka hakai nje. Ndani ya muda mfupi anatoboa ngozi ya jani na kuingia katikati, kati ya ngozi ya juu na ya chini, akila nyama ya jani kama mtu anayekula mkate na kuacha maganda. Ndiyo maana unaona baka jeupe linalopitisha mwanga, lenye vinyesi vyeusi ndani. Usimchanganye na mdudu mwingine anayechora kijia chembamba kilichopindapinda juu ya jani kama mstari wa kalamu. Yule ni mtoto wa inzi mdogo, na kwa kawaida hasara yake ni ndogo. Kantangaze anaacha baka pana. Tena haridhiki na majani, anaingia kwenye shina, kwenye kichipukizi na kwenye tunda, mara nyingi chini ya kikonyo ambako mnunuzi wa tenga ataangalia kwanza.

Maisha ya kiwavi ni kama wiki mbili, akijivua ngozi mara kadhaa. Akishiba anajiangusha kwa uzi hadi ardhini au anabaki kwenye jani, anageuka pupa, na baada ya siku 10 hivi anatoka nondo mpya.

Sasa turudi kwa msikilizaji wetu. Siku alipopulizia mara ya kwanza, shambani mwake kulikuwa na mayai, viwavi ndani ya majani, pupa ardhini na nondo waliojificha. Dawa aliyoitumia huua kwa kugusa mwili wa mdudu. Iliwapata nondo wachache na viwavi waliokuwa nje ya jani wakihama. Mayai yalibaki. Pupa ardhini hawakujua kama kuna mtu amepita na bomba. Viwavi ndani ya majani walikuwa kama mtu aliye ndani ya nyumba ya bati mvua ikinyesha. Siku ya nne mayai yakaanguliwa. Alichokiona asubuhi ile hakikuwa wadudu waliokataa kufa. Wengi wao siku ya kupulizia walikuwa bado hawajazaliwa.

Nyanya hukaa shambani miezi mitatu hadi minne tangu kuhamishwa kitaluni hadi mchumo wa mwisho. Kwa mzunguko wa siku 24, hiyo ni nafasi ya vizazi vinne hata vitano. Tufanye hesabu ya mfano tu: jike mmoja anapata watoto 200, kati yao 180 wanakufa kwa mvua, sisimizi na magonjwa. Wanabaki 20, nusu yao majike. Kizazi cha pili wana majike 100. Cha tatu 1,000. Ndiyo sababu mwezi wa kwanza unasema "wapo wachache, si neno", na mwezi wa tatu unafikiria kuacha shamba.

Ufanye nini? Anza mapema, kwenye kizazi cha kwanza. Mitego ya kantangaze ina kidonge chenye harufu ya jike, na hunasa madume. Baadhi ya wakulima wanalalamika kwamba wameweka mtego, umejaa nondo, na bado nyanya zinaliwa. Ni kweli, kwa sababu dume mmoja aliyebaki anatosha majike kadhaa. Kwa shamba dogo la wazi faida kubwa ya mtego ni kukupa tarehe. Ukiona nondo wameongezeka ghafla mtegoni, ujue ndani ya wiki moja viwavi wachanga watakuwa wanaanguliwa, na huo ndio wakati wa kupulizia. Omba dawa inayopenya ndani ya jani, au dawa ya bakteria wa Bt ambayo huwafaa zaidi viwavi wadogo wanaoimeza. Pulizia jioni, chini ya majani na juu. Rudia kufuatana na kibandiko ili kuwakuta walioanguliwa baadaye.

Lakini jambo linaloshinda dawa zote hizo ni shamba la zamani, na huwa tunalisema hadi wenzetu wa studio wanacheka. Nyanya zilizokwisha kuvunwa zikaachwa zisimame, na pembeni yake kitalu kipya, ni sawa na kuwajengea kantangaze daraja. Ng'oa masalia, yafunge kwenye mifuko ya plastiki iliyozibwa na kuyaacha juani, au yachome, au yafukie kwa kina. Geuza udongo ili pupa wapigwe na jua na kuliwa na ndege. Msimu unaofuata hapo panda mahindi, vitunguu au kabichi. Usirudie nyanya wala usiweke bilinganya au viazi mviringo, kwa maana hao wote ni ndugu mezani kwake. Mnavu uliojiotea kwenye mfereji nao humlisha.

Utitiri mwekundu: kizazi kipya kabla hujalipa deni la dawa

Baada ya kantangaze, malalamiko yanayofuata kwa wingi kutoka kwa wakulima wa nyanya ni ya majani yaliyojaa vidoadoa vyeupe na njano, yakawa ya kahawia, halafu mmea mzima ukafunikwa na utando kama wa buibui. Wengine huita ugonjwa. Ni utitiri.

Kwa mazungumzo ya kawaida tunamwita mdudu, ila ni jamaa wa karibu zaidi wa kupe na buibui. Akiwa mkubwa ana miguu minane, wakati mdudu ana sita. Mwili wake ni kama nusu milimeta. Shika karatasi nyeupe chini ya jani, ligonge jani kwa kidole, kisha tazama kwa utulivu. Nukta zikitembea, ni yeye. Zipanguse kwa kidole, zikiacha alama nyekundu, huna haja ya kuuliza tena.

Maisha yake ni haya. Yai la mviringo linatagwa chini ya jani. Anatoka mtoto mwenye miguu sita tu. Anakula, anatulia bila kutembea, anajivua ngozi na kuamka na miguu minane. Anakula tena, anatulia tena, anajivua. Mara ya tatu anaamka akiwa mkubwa. Safari yote huchukua wiki mbili hivi kwenye joto la kawaida, na kipindi cha jua kali inaweza kushuka hadi wiki moja. Jike mmoja hutaga zaidi ya mayai 100. Na hana haja ya kumsubiri dume: asipopandwa, mayai yake hutoa madume, naye baadaye anaweza kuzaa nao. Kwa hiyo jike mmoja aliyepeperushwa na upepo au kubebwa kwenye shati la kibarua anaweza kuanzisha ukoo mzima peke yake.

Sasa angalia hatua hizo za kutulia. Yai halili. Mtoto aliyetulia akijivua ngozi halili. Dawa nyingi za utitiri huwaua wanaotembea na kula, na ukipulizia mara moja tu unaacha akiba ya kutosha kuanza upya. Hapa ndipo marudio ya siku 5 hadi 7 yana maana, ilimradi kibandiko kinaruhusu, maana unawakuta walioanguliwa kabla hawajaanza kutaga.

Na hapa ndipo mkulima anapoumizwa zaidi na dawa isiyo sahihi. Dawa nyingi za kuua viwavi hazimdhuru utitiri hata kidogo. Baadhi yake, hasa zile kali zinazoangusha kila kitu kwa kugusa, zinawaua buibui, mbawakavu wadogo na utitiri wengine wawindaji waliokuwa wanamla. Unapulizia kwa ajili ya kantangaze, na baada ya wiki mbili utitiri wamefunika shamba. Wapo waliotuambia "dawa imewaletea utitiri mbegu". Dawa haikuleta mbegu, iliwaondoa askari.

Ukiona utitiri kwenye mistari miwili ya pembeni, anza hapo. Ng'oa iliyozidiwa, itie kwenye mfuko palepale, usiiburute katikati ya shamba. Fanya kazi kwenye sehemu nzima kwanza, sehemu yenye utitiri iwe ya mwisho, halafu nenda ukafue nguo. Mmea wenye kiu hushambuliwa zaidi, na vumbi la barabarani humsaidia, hivyo wenye mashamba kando ya njia ya magari wakague mara mbili. Dukani taja wazi kwamba unataka dawa ya utitiri, na usome kama imeandikwa hivyo.

Kwenye mahindi: wiki ya kwanza ni yako, ya tatu ni yake

Kiwavijeshi vamizi alionekana Afrika Magharibi mwaka 2016, na mwaka 2017 alikuwa tayari Tanzania. Si yule kiwavijeshi wa zamani anayekuja kwa makundi meusi na kuhama kama jeshi. Huyu ana mstari mweupe usoni unaofanana na herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangwa kama miguu ya meza.

Nondo wake anaruka mbali, hata kilomita 100 usiku mmoja akisaidiwa na upepo, kwa hiyo usihangaike kutafuta nani kakuletea. Hutaga mayai kwa mafungu ya 100 hadi 200, akayafunika kwa manyoya ya mwili wake mpaka fungu lionekane kama kipande cha ukungu kwenye jani. Yanaanguliwa kwa siku 2 hadi 4. Kwa siku chache za mwanzo watoto wanakwangua jani upande mmoja tu na kuacha vidirisha vinavyong'aa. Wakikua wanaingia kwenye moyo wa mhindi, na huko wanakulana wenyewe hadi abaki mmoja au wawili. Baada ya wiki mbili hadi tatu za kula, kiwavi anashuka na kuingia ardhini sentimeta chache, anakuwa pupa kwa siku 8 hadi 10 kwenye joto, kisha anatoka nondo. Mzunguko wote ni kama mwezi mmoja.

Tunachotaka ukikumbuke ni hiki: zaidi ya nusu ya chakula anachokula maishani mwake anakila akiwa katika hatua ya mwisho ya ukiwavi, siku chache kabla ya kushuka ardhini. Ndiyo maana wakulima wengi hugundua tatizo ghafla. "Jana mahindi yalikuwa mazima." Hapana, jana alikuwepo, alikuwa mdogo. Na siku unayomwona akiwa mnene, mwenye urefu wa kiungo cha kidole, ameziba moyo wa mhindi kwa vinyesi kama vumbi la mbao na dawa haimfikii. Ukipulizia siku hiyo unaweza kudhani imefanya kazi kwa sababu baada ya siku nne haonekani. Hajafa. Ameenda kuwa pupa.

Kagua mara mbili kwa wiki kuanzia mahindi yakiwa na wiki moja hivi. Ingia shambani kwa mwendo wa herufi W, simama sehemu tano, kila sehemu tazama mimea 10. Tafuta mafungu ya mayai na vidirisha. Fungu la mayai lipondeponde kwa vidole. Umeua wadudu 100 bila senti moja. Mahindi yakiwa bado madogo, ukiona mimea 2 kati ya kila 10 ina dalili mpya, huo ndio wakati wa dawa. Wapo wanaotia udongo au majivu kidogo kwenye moyo wa kila mhindi. Ni kazi ya mikono, inafaa shamba la robo ekari lenye watoto wa kusaidia wikiendi, na ni ya viwavi wadogo.

Inzi weupe na vidukari, kwa kifupi

Inzi weupe hutaga chini ya majani machanga ya juu. Mtoto akitoka hutembea saa chache tu, akachagua mahali, akadunga mdomo wake na kubaki palepale kama gamba dogo hadi apate mabawa. Mmea ukiendelea kukua, majani yenye watoto yanabaki chini na majani ya juu yana wazazi. Kwa hiyo ukipulizia juu tu, unafukuza wazazi na kuacha watoto wote. Kutoka yai hadi kuruka ni wiki tatu hivi kwenye joto. Lakini hasara yao kubwa haitokani na kunyonya. Hubeba virusi vinavyokunja majani ya nyanya, ugonjwa ambao wengi wenu mnauita rasta, na pia batobato na michirizi ya kahawia kwenye mihogo. Jani likishajikunja hakuna dawa ya kulinyoosha. Kinga iko kitaluni: funika miche kwa chandarua chenye matundu madogo hadi siku ya kuihamisha.

Vidukari wana mtindo wao. Kwenye nchi zetu za joto majike huzaa bila dume, tena hawatagi, wanazaa watoto hai, na mtoto anayezaliwa tayari ana mimba za wajukuu zinazoanza kukua ndani yake. Baada ya wiki moja au zaidi kidogo naye anazaa. Wakibanana, wanazaliwa wenye mabawa na kuhamia kwenye mmea mwingine. Kabla hujakimbilia bomba, tazama kama kuna mbawakavu wa mviringo wekundu wenye madoa meusi, na watoto wao wenye umbo la mamba mdogo mweusi. Hao watoto wanauawa sana na wakulima kwa sababu wanatisha. Waache, wanakula vidukari kutwa.

Jina la dawa na kiini cha dawa

Msikilizaji wetu alitumia dawa tatu zenye majina matatu. Tulipomwomba atusomee maandishi madogo kwenye vichupa, mbili kati yake zilikuwa na kiini kile kile, yaani ile kemikali yenyewe inayoua. Alidhani amebadilisha dawa, kumbe alibadilisha chupa. Wadudu waliobaki hai baada ya dawa ya kwanza ndio waliozaa, na watoto wao wanazoea haraka. Badilisha kundi la kiini kila kizazi kipya cha mdudu kinapoanza, na hapa ndipo kujua siku 24 au siku 30 kunakulipa. Kumimina dawa tatu kwenye bomba moja hatukushauri kabisa. Kunachoma majani, kunamuumiza anayepulizia, na kunawafundisha wadudu masomo matatu kwa siku moja.

Angalia pia siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Nyanya huchumwa kila baada ya siku chache, na kishawishi ni kikubwa cha kupulizia leo na kuchuma kesho kutwa. Zile nyanya zinaliwa mbichi kwenye kachumbari, mara nyingi na watoto wa nyumbani kwako kabla ya mtu wa mjini. Dawa iliyosajiliwa ina namba ya usajili kwenye kibandiko. Kwa Tanzania usajili hufanywa na TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na kwa Kenya ni bodi ya PCPB. Kichupa kisicho na namba, au dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya maji, iache huko huko dukani.

Tulimwomba yule msikilizaji achukue daftari la zamani la shule na kuandika tarehe tatu tu: siku aliyoona nondo wameongezeka, siku aliyoona mabaka madogo mapya, na siku aliyopulizia pamoja na kiini cha dawa. Alitupigia tena wiki iliyopita. Mabaka mapya yamepungua, ila upande mmoja wa shamba bado unasumbua, ule unaopakana na nyanya za jirani zilizokwisha kuchoka. Jirani alisema atang'oa baada ya wiki mbili, akimaliza matenga ya mwisho. Tukahesabu nao wote wawili kwenye simu, spika ikiwa wazi: viwavi walioko kwenye majani hayo leo, baada ya wiki mbili watakuwa wameshashuka ardhini, na kung'oa hakutawagusa. Jirani akanyamaza kidogo, akauliza bei ya nyanya za mwisho sokoni ikoje. Wamekubaliana wachume pamoja Jumamosi hii na kung'oa Jumapili, na yule msikilizaji atatoa mifuko.